Karatasi ya Korti Ikisema Kesi Yenu "Itafutwa"

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Fort Ternan



Tunawashukuru kwa kuacha shamba na ng'ombe ili tukae pamoja leo. Tunajua wengine mmetembea, na wengine mmelipa matatu kutoka Kipkelion. Kwa hiyo hatutawachosha na maneno makubwa. Tutazungumza jambo moja tu, ambalo limeliza watu wengi katika vijiji vyetu.

Mara kwa mara mtu huja ofisini kwetu akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, imefungwa ndani ya leso. Hakai hata kwenye kiti. Anaitoa, anaiweka mezani, anauliza, "Hebu niambieni, kesi yetu imeisha?" Karatasi ina mhuri wa korti na imeandikwa kwa Kiingereza kigumu. Mtoto wa Form Four ameisoma nyumbani akasema, "Mama, wanasema kesi inatupwa." Basi usiku huo hakuna aliyelala.

Jibu letu mara nyingi ni hili: bado. Kesi haijaisha, lakini inaweza kuisha. Angalieni lugha yetu wenyewe. Kuna "imefutwa" na kuna "itafutwa". Tofauti ni silabi moja tu, -me- na -ta-. Lakini kati ya silabi hizo mbili kuna siku kadhaa, na siku hizo ni mali yenu. Anayezitumia anaweza kuokoa shamba. Anayezilalia anapoteza bila shahidi wake hata mmoja kusikilizwa.

Sisi si mawakili. Sisi ni wafanyakazi wa maendeleo ya jamii. Tunayowaambia tumeyajua kwa kusindikiza watu kortini Kericho, kwa kuuliza mawakili, na kwa kufanya makosa. Kosa moja tutawaeleza waziwazi baadaye, maana hata sisi lilitufundisha.

KWA NINI KORTI INATISHA KUFUTA KESI?

Wengi hufikiri kwamba karatasi hii ikija, adui amemhonga mtu. Inawezekana mtu akafanya mabaya, lakini sababu ya kawaida ni nyingine. Ni kwamba kesi imelala.

Ukifungua kesi, wewe ndiwe mwenye kuisukuma. Korti haitakufuata nyumbani kukuuliza kama bado unataka shamba lako. Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za mwaka 2010, Agizo la 17 Kanuni ya 2, zinasema kwamba kesi ikikaa mwaka 1 bila upande wowote kuchukua hatua, korti inaweza kuwapa notisi ya kuja kueleza kwa nini isifutwe. Na tangu kanuni hizo zirekebishwe mwaka 2020, kesi ikikaa miaka 2 bila hatua yoyote, inahesabiwa kuwa imefutwa.

Hapa watu wetu hukosea sana. Mtu anasema, "Lakini kila mwezi tunampigia wakili simu!" Simu kwa wakili si hatua ya kesi. Mkutano wa kikundi si hatua. Kwenda kwa chifu si hatua. Hatua ni kitu kinachoonekana ndani ya faili ya korti: ombi limewekwa, tarehe ya kusikilizwa imechukuliwa, orodha ya mashahidi imepelekwa.

KARATASI HIZI ZIKO ZA AINA TATU

Ya kwanza ni notisi ya kutoa sababu. Kwa Kiingereza mtaona maneno "show cause". Hii inatoka kortini kwenyewe. Inataja siku na saa, na inawataka mfike kueleza kwa nini kesi isitupiliwe mbali. Ukifika na sababu nzuri, kesi inaendelea. Usipofika, inafutwa siku hiyo hiyo.

Ya pili ni amri yenye sharti. Hapa tafuteni neno "unless", yaani isipokuwa, au maneno "in default", yaani msipofanya hivyo. Hakimu au jaji anasema: fanyeni jambo fulani ndani ya siku 30, au 45, la sivyo kesi itafutwa. Jambo lenyewe linaweza kuwa kupeleka hati, kuchukua tarehe, au kuweka pesa za dhamana ya gharama. Amri hii ni kali kuliko notisi. Mara nyingi haiwapi siku nyingine ya kuja kujieleza. Siku ya mwisho ikipita, kesi inaanguka yenyewe kama tunda lililoiva.

Ya tatu ni ombi la upande wa pili. Huyu si hakimu anayesema, ni yule mnayeshtakiana naye. Anaiambia korti, "Dai la hawa watu halina msingi, lifutwe kabla ya kusikilizwa." Agizo la 2 Kanuni ya 15 linampa nafasi ya kuomba hivyo. Ombi si amri. Lakini mkinyamaza, linaweza kuwa amri.

Juu ya aina hii ya tatu, mawakili hutaja kesi ya D.T. Dobie dhidi ya Muchina, iliyochapishwa katika ripoti za sheria za Kenya za 1982. Humo Mahakama ya Rufani ilisema kwamba dai lisifutwe harakaharaka. Kama linaweza kupewa uhai kwa kurekebishwa, basi lirekebishwe na liende kusikilizwa. Kwa hiyo mkiletewa ombi kama hilo, ulizeni wakili maswali mawili: Tunajibu lini? Na je, dai letu linahitaji kurekebishwa?

Lakini msilale kwa kutegemea huruma hiyo. Hapa kwetu Kericho tunakumbuka ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Watu 218 waliokuwa wakifanya kazi na kuishi katika shamba la majani chai la Unilever walipeleka dai Uingereza, wakisema hawakulindwa. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya London ilisema dai lisiendelee, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ya huko ikakubaliana nayo. Ilisema kwamba yaliyoletwa hayakutosha kuonyesha kuwa kampuni mama ya Uingereza ilikuwa na wajibu kwa watu hao. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikakataa kusikiliza rufani. Hakukuwa na kesi kamili ya kupima kila shahidi. Somo kwa vikundi vyetu ni hili: ushahidi msiuweke kabatini mkisubiri siku ya kusikilizwa. Kuna siku inayokuja kabla ya hiyo.

SABABU GANI HUKUBALIWA?

Mkiitwa kutoa sababu, hakimu huangalia mambo ambayo yameelezwa tangu zamani. Mawakili hutaja kesi ya Ivita dhidi ya Kyumbu ya ripoti za 1984. Kwa maneno ya kwetu ni maswali matatu. Je, kuchelewa ni kwa muda mrefu? Je, kuna maelezo ya kweli? Na hata kama mmechelewa, je, haki bado inaweza kutendeka, mashahidi wako hai, hati zipo, upande wa pili haujaumizwa?

Maelezo mazuri ni yale yenye kitu mkononi. "Mlalamikaji alikuwa mgonjwa," na hii hapa barua ya hospitali. "Tuliomba tarehe, faili ikakosekana," na hii hapa nakala ya barua yetu yenye mhuri wa masjala. "Tulikuwa tunajaribu kupatana," na hizi hapa kumbukumbu za kikao cha wazee zenye sahihi za pande zote mbili.

Maelezo dhaifu ni, "Tulikuwa tunamngoja wakili." Jamani, hata kama ni kweli, korti zimesema mara nyingi kwamba kesi ni ya mwenye kesi, si ya wakili. Wengine husimama wakasema, "Katiba inakataza mambo ya kiufundi!" Ni kweli, Katiba ya 2010, Kifungu cha 159, inataka haki itendeke bila kufungwa mno na taratibu. Lakini kifungu hicho hicho kinasema haki isicheleweshwe. Ni mwavuli wa aliyenyeshewa njiani, si blanketi la kulalia.

KIKUNDI KIMOJA CHA POSHO MILL

Tuwape mfano. Kikundi kimoja cha akina mama na vijana kilinunua kiploti cha kuweka posho mill. Walilipa kwa miaka kadhaa kutoka kwa pesa za mahindi na maziwa. Walipomaliza, mwuzaji akakataa kutoa title. Wakaenda kortini. Mwanzo walikuwa na moto sana, kila kikao kesi ilisomwa. Baadaye mwenyekiti akahamia kwa mtoto wake, ada ya wakili ikakwama, kesi ikalala.

Siku moja notisi ikaachwa dukani. Mwenye duka akampa mtu, huyo mtu akampa mwingine. Ilipofika kwa katibu, zilikuwa zimebaki siku 9. Mkutano wa kwanza ulikuwa wa kulaumiana. Mweka hazina aliambiwa amekula pesa. Mama mmoja mzee ndiye aliyesimama akasema, "Nyumba ikiungua, kwanza tunatoa ng'ombe. Aliyewasha moto tutamtafuta kesho."

Basi wakagawana kazi. Wawili walikwenda masjala kusoma faili. Mmoja alikusanya risiti. Katibu na wakili wakatayarisha hati ya kiapo ya kueleza kilichotokea, bila kuficha kwamba walikosa ada. Siku ya korti walifika watu 11. Hakimu aliwakubalia, lakini kwa sharti: ndani ya siku 60 wapeleke hati zote na wachukue tarehe, na wamlipe mdaiwa gharama za siku hiyo. Wasipofanya hivyo, kesi ifutwe.

Mnaona? Waliingia na karatasi ya aina ya kwanza, wakatoka na ya aina ya pili. Wengi hapo hushangilia na kulala tena. Hawa hawakulala. Waliandika tarehe ya mwisho kwa chaki kwenye mlango wa chumba cha mkutano. Hati zilifika siku ya 41.

KOSA LETU

Sasa la pili ni letu. Mama mmoja mjane alikuwa na kesi ya shamba la mumewe. Mzee alipofariki, mama alifuata utaratibu akaingia katika kesi mahali pake. Kulikuwa na amri ya zuio iliyomkataza mdaiwa kuuza. Kisha kesi ikakaa, na notisi ikaja. Mama aliileta kwetu siku ile ile aliyoipata. Alifanya kila kitu sawa.

Sisi tuliiweka ndani ya faili yake. Tukamwambia, "Rudi wiki ijayo, wakili atakuwepo." Hakuna kati yetu aliyeangalia tarehe. Ilikuwa ni Jumanne ya wiki hiyo hiyo.

Kesi ilifutwa. Na kesi ikifutwa, zuio lililotolewa ndani yake linakufa nayo. Tulikimbia, tukatafuta wakili, ombi la kurudisha kesi likapelekwa, na baada ya miezi mingi jaji aliirudisha. Lakini katikati ya miezi hiyo sehemu ya shamba ilikuwa imeuzwa. Leo mama ana kesi yake, lakini katika shamba kuna nyumba ya mtu mwingine. Tukipita njia ile tunaiona. Yeye hutusalimia vizuri tu, na hiyo ndiyo inatuuma zaidi.

Tangu siku hiyo tuna kanuni ofisini. Karatasi ya korti ikiingia, kabla ya chai, kabla ya habari za nyumbani, kwanza tarehe inasomwa kwa sauti.

MITEGO MIWILI YA VIKUNDI

Mtego wa kwanza ni jina. Kikundi cha kujisaidia, hata kiwe na cheti kizuri ukutani, huenda kisihesabiwe kuwa mtu mbele ya sheria kama kampuni au sosaiti ya ushirika. Kesi nyingi zimefutwa kwa sababu kikundi kilishtaki kwa jina lake chenyewe. Njia ya kawaida ni viongozi kushtaki kwa majina yao, kwa niaba ya wanachama wote, na wanachama wote wakajulishwa. Hiyo iko katika Agizo la 1 Kanuni ya 8. Kama mlikosea kwa nia njema, Kanuni ya 10 ya Agizo hilo inaruhusu korti kumweka mlalamikaji anayefaa. Lakini ombeni mapema, msingoje adui aseme kwanza.

Mtego wa pili ni kifo. Mlalamikaji akifariki, kesi ya shamba haifi mara moja, lakini saa imeanza kuhesabu. Agizo la 24 linatoa mwaka 1 wa kuomba mtu mwingine aingie mahali pake. Mwaka ukiisha kimya, kesi inakoma. Korti inaweza kuifufua kwa sababu ya kutosha, lakini ni safari ndefu. Sisi huwa tunaogopa kutaja mambo ya korti wakati wa matanga. Ni heshima. Basi mkimaliza kuzika na kupumzika, mtu mmoja wa kuaminika apewe kazi ya kuuliza juu ya kesi za marehemu.

MFANYE NINI KARATASI IKIFIKA?

Andikeni hatua hizi katika daftari la kikundi:

1. Andikeni juu ya karatasi siku mliyoipata na aliyeileta.
2. Tafuteni vitu vitatu: nambari ya kesi, tarehe, na jambo linalotakiwa. Mkishindwa kusoma, tafuteni mwalimu au mtu mwingine mwenye elimu siku hiyo hiyo.
3. Jueni ni ya aina gani: notisi, amri yenye sharti, au ombi la upande wa pili.
4. Nendeni masjala ya korti iliyotajwa, muombe kusoma faili. Angalieni hatua ya mwisho ilikuwa lini. Msitegemee maneno ya njiani.
5. Mwoneni wakili. Kama hamna uwezo, ulizeni Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016.
6. Wekeni sababu zenu kwa maandishi, katika hati ya kiapo, pamoja na vithibitisho. Semeni ukweli. Hakimu akigundua uongo mmoja, hata ukweli kumi hauna nguvu.
7. Fikeni kortini mapema, wenyewe, hata kama mna wakili. Kama korti inaketi kwa njia ya mtandao, ulizeni masjala mtaingiaje.

Na msingoje karatasi iletwe mlangoni. Siku hizi notisi zinaweza kutangazwa katika orodha ya kesi na kwenye tovuti ya Mahakama, na korti zimewahi kukubali kwamba hiyo inatosha. Kijana mmoja wa kikundi mwenye simu apewe nambari ya kesi, aangalie kila mwezi na kutoa ripoti.

KAMA TAREHE IMEPITA

Bado msikate tamaa, lakini msikae. Kama kesi ilifutwa kwa sababu hamkufika, Agizo la 12 Kanuni ya 7 linawaruhusu kuomba irudishwe. Kama ilifutwa kwa kulala, Agizo la 17 nalo linawaruhusu kwenda kuomba. Korti itauliza: Mlijua lini? Mkafanya nini kesho yake? Aliyekuja baada ya wiki 1 anasikilizwa tofauti na aliyekuja baada ya mwaka.

Msiseme tu, "Tutafungua kesi mpya." Sheria ya ukomo wa madai ina hesabu yake: kwa kawaida miaka 12 kudai ardhi, miaka 6 kwa mapatano yaliyovunjwa, miaka 3 kwa madhara kama ajali. Kesi ya kwanza ikiwa imelala miaka 7, huenda mlango wa kesi mpya umeshafungwa.

Ndugu zetu, korti ni ya wote, lakini haimngoji mtu. Wenye pesa wana makarani wa kuwaangalizia tarehe. Sisi tuna vikundi. Kama watu 20 wanaweza kukumbuka zamu ya nani kupokea pesa za merry-go-round mwezi huu, hawawezi kushindwa kukumbuka tarehe moja ya korti.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kikundi chetu, au mwanachama wetu, ana kesi gani kortini? Hatua ya mwisho ilikuwa lini?
2. Nani anashika nakala za karatasi za kesi? Akisafiri au akifariki, nani anajua zilipo?
3. Karatasi ikiachwa dukani au kwa jirani, itachukua siku ngapi kutufikia? Tufanye nini ipungue?
4. Kesi yetu iko kwa jina la nani?

Mkifika nyumbani leo, fungueni ile leso. Someni tarehe kwa sauti.